Boga la Onofre

"Hilo bado halijaiva," alisema Mama Adelaida, amekaa kizingitini mguu wake mbovu umenyooshwa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Si la kupika, Mama."

Delfina aliinama, akakata kikonyo kwa kisu kile kile alichochongea sanamu za watakatifu, akalipangusa boga umande kwa upindo wa sweta yake. Lilikuwa la kijani, lenye milia, zito kama mtoto wa miezi mitatu. Mama yake alilitazama boga, akamtazama binti, kisha akapiga ishara ya msalaba.

Katika bonde lao posa haikataliwi kwa maneno. Maneno huumiza, tena hurudi. Nyumba ya mwanamume hupeleka barua, hungoja siku kumi na tano, na binti akiwa hataki, mposaji huletewa boga. Halisemwi neno. Hulipokea kwa mikono miwili, akaenda zake. Barua ya Onofre Rael ilikuwa na siku kumi na nne chini ya miguu ya sanamu ya Bikira sebuleni kwao. Jibu lilitakiwa kesho Jumapili, baada ya Misa.

"Juzi ulikuwa unaimba," alisema Mama Adelaida.

"Juzi ilikuwa juzi."

"Kwa ajili ya utepe wa mashindano, mwanangu? Utepe wa kitambaa?"

Delfina alilifunga boga mkanda wa kiti ndani ya pikapu, lisije likabiringika kwenye kona, akawasha gari.

Wivu haubishi hodi. Ulimkuta jana jioni ameshika mwiko, simu iko begani, binamu yake anapiga kelele kutoka mjini: "Onofre kashinda! Wa kwanza! Watu wamejaa mezani kwake kama nyuki!" Delfina akasema, "Mungu ni mwema." Akauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Na yangu?" Binamu akashusha sauti. "Yako nayo nzuri, Fina. Wameandika ni kazi safi." Tangu hapo chakula kilimshinda. Alimpenda Onofre; kama angemchukia, mbona ingekuwa rahisi. Ni vigumu kumpikia mtu pilipili ya kuchoma moyoni huku unamwombea heri kwa mdomo.

Njia yote ya kushuka mlimani alikuwa akihesabu. Yeye ana miaka thelathini na mmoja, na ishirini kati ya hiyo ameshika kisu. Baba yake, Mungu amrehemu, alimfundisha kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, na wazee walimcheka: tangu lini msichana akachonga? Wanawake hupaka rangi. Mwaka huu yeye na Onofre walipasua mzizi mmoja wa mti wa kando ya mto, kila mtu nusu yake, wakakubaliana kuchonga mtakatifu mmoja, Isidori Mkulima, yule ambaye akisali malaika humlimia na maksai wake. Wakaapa kutooneshana mpaka siku ya mashindano. Alhamisi mguu wa mama ulimzuia Delfina nyumbani, kwa hiyo Onofre na mama yake, Mama Piedad, ndio waliopeleka sanamu zote mbili, kila moja ndani ya foronya yake.

Na barua ile! Chini kabisa, baada ya salamu na baraka, Mama Piedad alikuwa ameongeza kwa mkono wake: *Kisu akiache kwao. Nyumba moja haikai visu viwili.* Delfina alipomwonesha Onofre mstari ule alicheka tu: "Usijali, Fina. Huyo ni mama." Hakuufuta.

Ukumbi wa parokia ulikuwa unanuka pilipili za kuchoma na nta. Delfina aliliacha boga garini, akaingia kwa mlango wa nyuma kama mtu aliyechelewa ibada. Aliuona utepe wa buluu kabla hajaona kitu kingine. Kisha akamwona Onofre, amesimama wima kwenye shati jeupe, nywele kazilaza kwa maji. Na kwenye mkono wa shati lile palikuwa na mkono mwingine, umejaa bangili za fedha na feruzi.

Alikuwa Bi Winslow, mkuu wa waamuzi, mwanamke wa mjini wa miaka arobaini na kitu, mzuri, anayejua kuwa ni mzuri. Nyumba yake, walisema watu, ilikuwa na watakatifu wengi kuliko kanisa.

"Tazameni shingo hii ya Isidori," alikuwa akiwaambia watu, bila kuuondoa mkono. "Pigo moja. Hakusita. Mwanamke angeisugua kwa msasa wiki nzima, angeogopa. Huu ni mkono wa mwanamume aliyewahi kushika maksai kwa pembe." Akaubana ule mkono wa shati. "Si ndiyo, Onofre?"

Onofre alitazama viatu vyake.

Ngoja, Delfina alijiambia. Ngoja uione hiyo shingo kwanza. Alijipenyeza katikati ya mabega ya watu, akafika mbele, akatazama.

Maksai wa kushoto alikuwa na pembe iliyopinda.

Ilipinda kwa sababu mzizi ulikuwa na fundo pale, na yeye Delfina alilibembeleza fundo lile siku mbili, halafu akaliachia lishinde. Chini ya kwato, ndani ya rangi ya udongo, palikuwa na doa dogo jeusi la damu, la siku kisu kilipomteleza. Aliligusa kovu la gumba lake. Juu ya Isidori wake yeye, aliyemchonga yeye, palikuwa pamebandikwa karatasi ya waamuzi: *Onofre Rael. Nafasi ya kwanza. Ujasiri. Mwanamume amepigana na mti, na ameshinda.*

Aligeuka kutafuta jina lake. Alilikuta kwenye meza ya pembeni, karibu na birika la kahawa. Isidori mwingine, mwembamba, amepiga magoti. Na nyuma ya plau malaika ameinamisha kichwa. *Delfina Quintana. Kazi safi, ya subira, yenye kukumbusha darizi. Itapendeza chumba cha watoto.*

Katika bonde lao mtakatifu hatiwi saini. Wazee walisema ni kiburi kuandika jina lako chini ya miguu ya mtu wa Mungu. Kwa hiyo jina huwa kwenye kikaratasi tu, na kikaratasi huwa kwenye uzi.

Aliponyanyua macho, Onofre alikuwa anamtazama. Uso wake ulikuwa umepauka kama unga wa mahindi.

"Nje," Delfina alisema kwa midomo bila sauti.

* * *

Walisimama kando ya pikapu. Delfina aliukinga mlango kwa mgongo, boga lisionekane.

"Ulijua lini?"

"Jana. Saa kumi na moja jioni, nilipoingia."

"Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Fina..."

"Nakuuliza saa, Onofre."

"Saa nne na nusu."

"Basi umelala nayo. Umelala na kazi yangu, ukaamka nayo, ukaipigia pasi shati. Na huyo mama wa bangili anakukanda mkono kama anakanda unga, wewe umesimama tu!"

"Sikumwambia anishike."

"Wala hukumwambia akuache!"

Akafumba mdomo. Hakutaka kuonekana analilia bangili, ilhali bangili nazo zilikuwa zinamchoma.

Onofre alikaa juu ya bampa ya gari. Alikuwa mtu mrefu, na akikaa alionekana kama kitu kilichokunjwa. "Naomba nikwambie yote mara moja. Ukinikatiza sitaweza kuanza tena."

"Sema."

"Nilipoingia jana nilikwenda kwanza kwenye yangu. Nikaona jina lako juu yake, nikajua vikaratasi vimebadilishana. Nikasoma yale ya chumba cha watoto. Na nikasema moyoni, afadhali jina la pale ni la Fina. Nilifurahi kwamba aibu imekwenda kwako. Hilo ndilo lililonitisha. Halafu nikaitazama yako. Nachonga mwaka wa kumi na nane huu, sijawahi kuikata shingo namna ile. Nikaona wivu, Fina. Si wivu wa kununa; wa kutapika. Kisha wakaja watu, hongera, hongera, wakanishika mkono, na ule wivu ukanyamaza. Kwa usiku mmoja nilikuwa mimi ndiye niliyeikata shingo ile. Ilikuwa tamu. Sitakudanganya, ilikuwa tamu sana."

Delfina alitaka kumpiga. Mkono ulikuwa tayari. Lakini kicheko kibaya kilimpanda kooni, kwa sababu tangu jana yeye naye alikuwa hali wala halali kwa kumwonea wivu mwanamume huyu, na kumbe kazi ile ni yake mwenyewe.

"Nani alifunga vikaratasi?" aliuliza.

Onofre alitazama mlango wa ukumbi.

"Wewe?"

"Mimi nilikuwa natafuta pa kuegesha gari."

"Basi nani?"

"Mimi," ilisema sauti nyuma yao.

Mama Piedad alikuwa amesimama na kapu la mikate ya tortilla lililofunikwa kitambaa cheupe, ushungi mweusi mabegani, kama siku zote tangu alipozikwa mumewe. Walikuwa hawajamsikia. Alikuwa amewasikia.

"Uliona wivu wa kutapika," alimwambia mwanawe taratibu. "Kwani ile yenye pembe iliyopinda si yako?"

"Si yangu, Mama."

"Haiwezekani. Nilizitoa mwenyewe kwenye foronya. Hii ina nguvu, ile ina upole. Nikasema, hii ya mwanangu, ile ya msichana. Sikufikiri hata mara mbili." Alimgeukia Delfina. "Sikukuibia, binti. Mungu ananiona. Nimeosha nguo za mtoto huyu, nimemfagilia vumbi la mbao miaka yote hiyo. Nilidhani naujua mkono wake."

"Najua hukuniibia, Mama Piedad," alisema Delfina. "Mwizi huangalia kwanza kitu ni cha nani."

Mwanamke mzee aliinamisha kichwa. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupanga mambo, akakiinua tena. "Basi yamekwisha. Mnaoana. Utepe utaingia nyumba moja, nani atauliza ulipitia mlango gani? Onofre ana jina mjini. Wewe jina la nini, na utakuwa Bibi Rael?"

Delfina alimtazama Onofre. Pale ndipo posa yake ilipokuwa imening'inia, na kila mmoja alijua, hata mama.

Onofre alisimama, akajikung'uta suruali. "Twende ndani," alisema.

* * *

Hakuongea kwa kunong'ona. Alisimama mbele ya utepe, akasema kwa sauti iliyomfanya padri aweke kikombe chini: "Sanamu hii si yangu. Ni ya Delfina Quintana. Yangu ni ile pale, karibu na kahawa. Vikaratasi vilibadilishana, na nilijua tangu jana, nikanyamaza. Naomba radhi kwake, na kwenu."

Kisha mtu akasema, "Yesu na Maria!" na kunong'ona kukaanza.

Bi Winslow alicheka kidogo, kama mtu aliyemwagiwa maji akajifanya ni mvua. Alivaa miwani. Akaizunguka sanamu ya Delfina mara mbili.

"Ajabu," alisema. "Sasa nikiitazama vizuri... hii shingo, naam. Ina kitu laini. Kama mama anayeinama juu ya kitanda cha mtoto."

"Hiyo shingo ndiyo ile ile ya pigo moja, Bi Winslow," alisema Delfina. "Nusu saa iliyopita ilikuwa imeshika maksai kwa pembe."

Kicheko kilipita nyuma. Bi Winslow hakukisikia, au alijifanya. Alikuwa amekwisha kufika kwenye meza ya kahawa. "Na huyu malaika! Ah, kumbe! Mtu mwenye nguvu zote hizi, anachagua upole! Onofre, huu ndio ujasiri. Sikuuona kwa sababu..." Akageukia wenzake. "Nadhani tunaelewana. Nafasi ya kwanza ibaki kwa Onofre, kwa kazi hii. Na kwa binti huyu tuanzishe utepe wa pekee mwaka huu. Wa mkono wa mwanamke. Wa waridi, labda."

Kwa hiyo utepe ulikuwa umelifuata jina. Sanamu zilibaki pale pale, mbao zile zile.

"Mimi siutaki," alisema Onofre.

"Usiwe na kiburi, kijana."

"Si kiburi. Jana malaika huyo alikuwa wa chumba cha watoto. Mimi sijamgusa tangu jana."

Delfina alikuwa hasikilizi tena. Alitoka kwa mlango wa nyuma. Aliporudi alikuwa amelibeba boga kwa mikono miwili, tumboni, na watu walipoona amebeba nini, wakaanza kuachia njia, safu kwa safu, na macho yote yakamkimbilia Onofre kwa huruma. Onofre aliliona. Alikunja mikono mbele, kama mtu anayejiandaa kupokea.

Delfina alimpita.

Akaliweka boga juu ya meza ya waamuzi, katikati ya karatasi na kalamu, mbele ya Bi Winslow, akarudi nyuma hatua mbili na kuinamisha kichwa kwa adabu. Hakusema neno.

Kwa pumzi moja hakuna aliyecheka. Halafu bibi mmoja mbele akakohoa kwenye leso, mwingine akamshika jirani begani, na bonde zima likalipuka. Wazee walijipiga makofi magotini. Padri aligeukia ukutani.

"Oh, nashukuru sana!" alisema Bi Winslow, akilipapasa boga, bangili zikilia. "Ni desturi yenu hii, siyo? Nzuri mno."

"Ni desturi yetu," alisema Delfina.

* * *

Watu walipotawanyika kwenda kula, Mama Piedad alibaki peke yake mbele ya meza ya kahawa. Kapu lilikuwa bado mkononi. Onofre alimkaribia, na Delfina nyuma yake.

"Kidevu cha huyu malaika," alisema mama bila kugeuka. "Nimekiona mahali."

"Kwenye kioo, Mama."

Alijigusa kidevu. "Ulinichonga mimi, na mimi mwenyewe nikaipa sanamu jina la mtu mwingine."

Hakulia, hakuwa mtu wa kulia ukumbini. Alichomoa tortilla moja kapuni, ya moto bado, akamtilia Delfina mkononi kama anavyopewa mtu wa nyumbani, bila sahani. "Ile barua kesho usiijibu," alisema. "Nirudishie kwanza. Kuna mstari nimekosea." Akaenda zake kuwatafuta wenzake, mgongo umenyooka.

Delfina aliinama karibu na malaika. Kope zilikuwa zimechongwa moja moja, nyembamba kama ndevu za ngano, na chini ya jicho palikuwa na uchovu ambao hakujua mbao inaweza kuubeba. Kitu kikamwingia, akakitambua mara moja. Alikuwa amekaa nacho tangu jana.

"Nakuonea wivu," alisema.

"Mimi?"

"Kope hizi. Siziwezi. Nimejaribu, nikavunja. Nitakuonea wivu mpaka tuzeeke, Nofre, na utanionea, na hicho kisu changu kitakaa meza moja na chako na kila mtu atajua kipi ni cha nani."

Alisema *mpaka tuzeeke* kabla hajajizuia. Onofre alilidaka neno lile, lakini aliogopa kulishika. Alitazama meza ya waamuzi, ambako boga la milia lilikuwa limekaa kama mwamuzi wa nne.

"Lile boga," aliuliza polepole. "Ulipolikata asubuhi, ulilikatia nani?"

"Lilikuwa lako."

Onofre aliitikia kwa kichwa. Alistahili, na alijua. "Na kesho utaniletea jingine?"

Delfina alimega tortilla, akampa nusu.

"Jingine nitalitoa wapi?" alisema. "Shambani yamebaki maua tu."